Kutoka Goma 2002 hadi Sange 2010: esanse haiui mwizi peke yake

Leo naandika kwa sababu ya swali la mama mmoja.

Mama huyo anaishi na watoto wake katika hema ya shitingi si mbali na barabara. Jirani yake anauza esanse kwa wamotari, kidogo kidogo, kwa chupa. Siku moja jioni jirani akafungua bido ya lita tano ili ajaze chupa zake. Mama alikuwa mlangoni pake anapika maharage kwenye mbabula. Kati ya mbabula na bido kulikuwa na hatua nne au tano. Ghafla moto ukatoka kwenye mbabula, ukakimbia chini kama nyoka, ukaifikia bido. Shitingi mbili zikaungua, na mtoto mmoja akapata kidonda mguuni. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyekufa.

Lakini maneno yakaanza. Wengine wakasema mama ndiye aliyemwaga makaa kwa makusudi. Wengine wakasema kuna mkono wa mtu, kwamba moto hauwezi kutembea peke yake bila kutumwa. Mama akaniuliza: «Mwanangu wa radio, mimi sikuigusa ile bido, na jirani hakuja karibu na moto wangu. Basi moto ulitoka wapi?»

Nilimwambia kwamba swali lake limeulizwa mara nyingi katika nchi yetu, na kila mara limeulizwa baada ya mazishi. Ndiyo maana nataka turudi nyuma kidogo katika historia.

Goma, Januari 2002

Watu wazima wote wa huku wanaikumbuka siku ya nne ya juma, tarehe 17 Januari 2002. Asubuhi ile volkano Nyiragongo ilipasuka ubavuni, na moto wake ukashuka hadi katikati ya mji wa Goma. Ulifunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaharibu kanisa kuu la katoliki, ukapita katika maduka na nyumba za watu, ukaingia ndani ya ziwa Kivu. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakavuka mpaka kwenda Gisenyi, wengine wakashika njia ya Sake.

Baada ya siku chache tu watu wakaanza kurudi. Huko walikokimbilia hawakuwa na chakula wala pa kulala, na wengi walitaka kujua kama nyumba zao bado zimesimama. Walirudi wakitembea juu ya mawe ambayo juu yalikuwa meusi na makavu, lakini chini bado yalikuwa mekundu. Mji haukuwa na umeme wala maji, na bei za vitu zilikuwa zimepanda.

Katikati ya mji kulikuwa na kituo cha kuuzia mafuta ambacho lava ilikuwa imekifikia bila kukimaliza. Ndani ya matangi ya chini mlikuwa bado na mafuta. Siku ya kwanza ya juma lililofuata, tarehe 21 Januari, watu walikuja na bido, na ndoo, na sufuria, wakawa wanateka. Mawe ya moto yalikuwa pale pale karibu nao. Kituo kikalipuka. Hesabu zilizotolewa siku zile zilianzia watu 50 na kuendelea. Waliopona volkano, wakavuka mpaka, wakarudi salama, waliuawa na esanse siku nne baada ya mlipuko wa mlima.

Siku zile watu walisema: «Walikuwa wezi, walikuja kupora.» Neno hilo lilibaki. Hata leo ukiwauliza vijana wa Goma, wengine watakujibu hivyo hivyo.

Sange, Julai 2010

Miaka minane ikapita. Siku ya tano ya juma, tarehe 2 Julai 2010, lori la kubeba mafuta lilipinduka katikati ya kijiji cha Sange, katika bonde la Ruzizi, kwenye barabara ya Uvira kwenda Bukavu. Tangi likaanza kuvuja. Watu wakaja na vyombo vyao kuteka.

Ilikuwa wakati wa Kombe la Dunia la Afrika Kusini. Watu wengine wengi hawakuwa karibu na lori. Walikuwa wamejaa ndani ya vyumba vya video wakiangalia mpira, na wengine walikuwa majumbani mwao, nyumba za udongo na nyasi. Moto uliposhika haukuchagua. Ulikwenda hadi kwenye vyumba vya video na ukazimaliza nyumba za jirani. Watu zaidi ya 230 walikufa, wakiwemo watoto wengi. Miili mingi haikuweza kutambulika, ikazikwa katika makaburi ya pamoja. Majeruhi walipelekwa Uvira na Bukavu, wengine kwa helikopta za Umoja wa Mataifa. Nchi nzima iliomboleza.

Hapo pia neno «wezi» lilisikika. Lakini mtoto aliyekuwa anaangalia mpira aliiba nini? Mama aliyekuwa ndani ya nyumba yake na mtoto mgongoni aliiba nini?

Na si kwetu tu. Tarehe 31 Januari 2009 lori lilipinduka Sachangwan, nchini Kenya, na zaidi ya watu 100 wakafa kwa namna hiyo hiyo. Tarehe 6 Oktoba 2018 lori la mafuta liligongana na gari lingine huko Mbuba, katika jimbo la Kongo Central, watu makumi wakateketea. Tarehe 10 Agosti 2019 ilikuwa zamu ya Morogoro, Tanzania, na tena wafu walipita 100. Majina ya miji yanabadilika, lakini habari ni ile ile: mafuta yamemwagika, watu wamekuja na bido, dakika zimepita kimya, kisha moto.

Zile dakika za kimya

Tuziangalie vizuri zile dakika za kimya, kwa sababu ndizo zinazodanganya watu. Mtu anaona wenzake wanateka na hakuna kinachotokea. Anasema: hakuna moto hapa, nami nitakuwa mwangalifu. Anakwenda.

Asichokiona ni hiki. Esanse yenyewe, ile unayoiona kama maji, siyo inayowaka. Kinachowaka ni mvuke wake ukichanganyika na hewa. Na esanse inatoa mvuke huo wakati wote, hata usiku wa baridi hapa Rumangabo. Wataalamu wamepima wakaona inatoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo huku kwetu hakuna aliyewahi kuiona. Petroli ya taa inahitaji joto la karibu nyuzi 40 juu ya sifuri ndipo ianze kutoa mvuke wa namna hiyo, na mazutu inahitaji zaidi ya 50.

Tena mvuke wa esanse ni mzito kuliko hewa, mara tatu hadi nne. Haupandi juu kama moshi wa kuni. Unashuka chini, unatambaa, unafuata mteremko na mitaro, unapita chini ya mlango na chini ya shitingi. Katika sehemu 100 za hewa, sehemu moja na nusu tu ya mvuke inatosha kuwaka. Unatembea hadi ukutane na mbabula, mshumaa, sigara, au cheche ya injini ya moto. Hapo unawaka, na moto unarudi kwa njia ile ile hadi kwenye bido au kwenye lori.

Hilo ndilo jibu nililompa yule mama. Moto haukutumwa na mtu. Mvuke ulitoka kwenye bido ya jirani, ukatambaa hatua tano, ukafika kwenye makaa yako, ukarudi ulikotoka. Hata Sange mtu aliyekaa mbali na lori hakuwa salama, kwa sababu alikuwa tayari amekaa ndani ya mvuke bila kujua.

Kwa nini tunaendelea

Sitaki kuwahukumu wanaouza esanse kando ya barabara, wale ambao wengi wanawaita Kadafi. Ni kazi inayolisha watoto. Vijijini vituo vya mafuta viko mbali, mashine za kusaga zinahitaji mafuta, na vita vimewanyang'anya watu mashamba yao. Mtu aliyeacha ng'ombe na maharage yake akakimbia na shuka moja, akiona kazi ya kuuza chupa tatu kwa siku, ataifanya. Waliokwenda kuteka Goma na Sange walikuwa watu kama hao. Tukiwaita wezi tunajidanganya kwamba sisi tusioiba hatuwezi kuungua. Mama wa mbabula hakuiba kitu.

Mimi mwenyewe siko msafi. Miaka mingi nilikuwa naosha mnyororo wa moto yangu kwa esanse ndani ya nyumba, usiku, mshumaa ukiwa juu ya meza. Nilikuwa na bahati tu. Mafundi wa magari wanafanya hivyo kila siku, na wapaka rangi na mafundi wa viti wana dilua yao, na kinamama wa kutengeneza kucha wana asetoni yao. Hivyo vyote ni ndugu wa esanse: vinatoa mvuke hata kama hakuna joto, mvuke unashuka chini, na moto unaufuata.

Kuna jambo lingine linalowahusu hasa ndugu waliorudi kutoka kambi za Uganda na Tanzania. Kule wakisema petroli wanataka kusema mafuta ya gari na moto. Hapa kwetu petroli ni mafuta ya taa, na ya gari tunaita esanse. Mtu akituma mtoto kununua «petroli» na mtoto akaletewa esanse, ikamiminwa ndani ya taa ya utambi, nyumba imekwisha. Tafadhali, unaponunua, sema kazi yake: «ya taa» au «ya moto».

Mambo ya kushika

Esanse isilale ndani ya nyumba wala ndani ya hema mnamolala watu. Iwekwe nje, kivulini, imefungwa sana, watoto wasiifikie. Usimimine kutoka bido hadi chupa mahali ambapo mtu anapika, hata kama amekaa mbali. Mimina nje, mahali pa upepo, mchana, moto zote zikiwa zimezimwa. Simu na sigara vikae mbali.

Bido tupu msiiamini. Ndani yake umebaki mvuke, na sasa una hewa ya kuchanganyika nayo. Usiichome, usiikate kwa kisu cha moto, usimpe mtoto acheze nayo.

Ikiwaka, usimwage maji juu ya esanse. Esanse inaelea juu ya maji, na moto utasafiri nayo hadi kwa jirani. Tupa mchanga au udongo mkavu. Huku kwetu mchanga wa volkano haukosi. Weka ndoo moja karibu na mahali unapouzia. Kama nguo za mtu zimeshika moto, asikimbie. Alale chini abingirike, na wengine wamfunike kwa blanketi nzito. Kidonda cha moto kipoeshwe kwa maji safi ya baridi kwa dakika 20, kisha kituo cha afya. Msipake dawa ya meno, wala mafuta, wala unga.

Na malori. Sisi tunaishi kando ya barabara ya Rutshuru kwenda Goma, na malori ya mafuta yanapita mbele ya milango yetu. Barabara ni mbovu na nyembamba. Siku lori likianguka hapa, Mungu asiruhusu, tusiende kuteka, na tusiende kuangalia. Zimeni mbabula zote, chukueni watoto, kimbieni upande wa juu wa mteremko na upande ambako upepo unatokea, mwendo wa dakika kumi au zaidi. Lita tano za esanse zinauzwa siku moja na zinaliwa siku moja. Watu wa Sange walizika watoto wao kwa sababu yake.

Yule mama na jirani yake sasa wameongea. Jirani amehamisha bido zake nyuma ya mawe, mbali na hema, na mama amenunuliwa sufuria nyingine badala ya ile iliyoharibika. Mguu wa mtoto unapona. Wale waliosema kuna mkono wa mtu, nawaomba wasome habari hii au wasomewe, halafu waende kumsalimia.