Gamba mhimili: istilahi ya monokoki

Monokoki ni muundo wa gari ambao ngozi yake ya nje, iwe ya bati la alumini au la chuma, ndiyo inayobeba uzito wa injini na wa watu na kupokea mishtuko ya njia, bila kuwepo chesisi, yaani fremu ya pekee inayolala chini na kufungiwa bodi juu yake. Katika mbio za Formula 1, muundo huo uliingia kwa kishindo mwaka 1962 na gari la Lotus 25, ambalo mbunifu wake, Colin Chapman, aliyaacha mabomba membamba ya weldi akatumia makasha mawili marefu ya alumini, moja kila ubavu, yaliyohifadhi mifuko ya mpira ya petroli, huku dereva akiwa katikati, karibu amelala chali. Gari hilo likawa jepesi na lisilopindika kwa urahisi, na mwaka 1963 Jim Clark alishinda nalo mbio 7 kati ya 10 za ubingwa wa dunia.

Kusema "gari lisilo na chesisi" kunaeleweka gereji, lakini kunataja kilichokosekana tu na kunyamaza kuhusu kinachofanya kazi. Ujuzi wa kukitaja upo pwani tangu zamani: mitepe, vyombo vya kushonwa kwa kamba za makumbi vilivyokuwa vikitia nanga katika bandari ya kale ya Mombasa, chini ya Mji wa Kale, viliundwa kwa kushona mbao za ubavuni kwanza, kisha ndipo mataruma, yaani mbavu za ndani, yakatiwa. Umbo na sehemu kubwa ya nguvu vilitoka kwenye gamba lenyewe, na kwa hiyo istilahi inayofaa zaidi ni *gamba mhimili*.

Mtepe unasaidia pia kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mno. Datsun 240Z, iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, haina chesisi ya pekee, lakini sakafu yake imeunganishwa kwa weldi na mihimili ya bati iliyokunjwa mfano wa kasha, kwa hiyo mzigo haukuachiwa ngozi peke yake. Barabara za mawe huthibitisha hilo vibaya: nyufa huanzia pale shokamzoba zinaposhikia bodi, na mafundi wanaotayarisha magari ya mashindano huongeza mshono wa weldi unaofululiza mahali ambapo kiwanda kilitia nukta nukta tu. Lotus 25 basi iitwe gari la gamba mhimili, na Datsun iitwe gari la gamba mhimili lenye mataruma, kwa kuwa fundi wa vyombo alikwisha kuipa mihimili ya namna hiyo jina kabla ya kuwepo injini.