Siku na Usiku Ndani ya Jahazi la Msimu

Jahazi la msimu lilikuwa chombo cha mbao chenye tanga la pembetatu, kilichokwenda kwa upepo wa majira kati ya Ghuba, Hadhramaut na pwani ya Waswahili. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, ililishusha mpaka Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi ya mwanzo, mnamo Aprili na Mei, ililirudisha kwao kabla bahari haijachafuka Juni na Julai. Kwa kuwa upepo hausubiri mtu, nahodha aliyechelewa kupakia aliweza kujikuta amekwama ugenini. Baharia wa jahazi alikuwa amehama nyumbani kwa miezi.

Makao yake yalikuwa wazi. Nahodha alikaa shetri, nyuma karibu na usukani, na wageni wake wa heshima pamoja naye. Mabaharia walilala sitahani palipopatikana nafasi, juu ya marobota au kamba zilizoviringwa. Jiko lilikuwa kasha lenye mchanga, moto wa kuni ukiwaka ndani yake. Choo kilikuwa kisanduku cha mbao kilichoning'inia nje, juu ya mawimbi. Maji matamu yalihifadhiwa kwenye tangi la mbao, nayo yalikuwa ya kunywa na kupikia. Udhu na kufua nguo vilitumia maji ya bahari.

Siku ilianza kwa adhana na sala ya alfajiri, kisha mkate mwembamba na chai ya sukari. Mchana ulipikwa wali wenye samli kidogo, na samaki kama mshipi ulikuwa umebahatika. Watu walikula kwa makundi, kila kundi na sinia lake. Siku mbaya zilikuwa za tende na samaki mkavu. Kahawa ilipikwa zaidi kwa ajili ya shetri, kwani hapo ndipo bei za bandari iliyofuata zilipojadiliwa.

Kazi kubwa kupita zote ilikuwa ya foromali, boriti ndefu inayobeba tanga, ambayo katika vyombo vingi ilikaribia urefu wa chombo chenyewe au kuupita. Kuipandisha kulihitaji mikono ya wote na wimbo wa kuwaweka sawa, na mwimbaji hodari alithaminiwa kama serahangi, msimamizi wa mabaharia. Tanga hilo halikupunguzwa kwa kukunjwa. Jahazi lilibeba matanga kadhaa, kubwa la upepo mdogo na dogo la upepo mkali, hivyo kila hali ya hewa ilipobadilika foromali ilishushwa, tanga likafunguliwa na jingine kufungwa. Kugeuza chombo kulikuwa kugumu zaidi, maana foromali ilisimamishwa na kupitishwa mbele ya mlingoti. Usiku, upepo ukiwa mkali, kosa dogo la mtu mmoja lingeweza kuvunja mlingoti.

Saa za utulivu hazikuwa za kupumzika. Watu walishona matanga, walisokota kamba na kufua maji ngamani. Katika mtepe, chombo cha kale cha Lamu na Wabajuni kilichodumu hadi mwanzoni mwa karne ya 20, kufua maji hakukuwa na mwisho: mbao zake zilishonwa kwa kamba za usumba badala ya kupigwa misumari, na tanga lake la jamvi liliendesha chombo kilichovuja daima.

Nahodha aliongozwa na alama za pwani mchana na nyota usiku. Mapema zaidi, Ahmad ibn Majid wa Julfar aliandika kitabu kikubwa cha elimu hiyo mnamo 1490. Urefu wa Jaa, nyota ya kaskazini, ulipimwa kwa kibao chenye uzi wa mafundo. Kusini ya ikweta Jaa huzama, na mwanamaji hutegemea nyota nyingine, Suheli ikiwa mojawapo.

Picha iliyo kamili zaidi ya maisha haya iliachwa na Alan Villiers, baharia wa Australia, aliyepanda bumu, aina ya jahazi kubwa, la Kuwait huko Aden mwezi Desemba 1938. Nahodha wake, Ali bin Nasir al-Najdi, alichukua abiria zaidi ya 100 kutoka Hadhramaut. Wanawake walifungiwa chumba cha chini ya shetri, wanaume wakajaza sitaha. Baada ya Unguja chombo kiliingia delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Huko Kuwait upana wa vyumba ulifuata urefu wa boriti hizo.

Mabaharia hao hawakuwa na mshahara. Gharama zikishatolewa, faida iligawanywa nusu kwa mwenye chombo na nusu kwa watu wa chombo. Wengi walianza safari wakiwa tayari wanadaiwa, kwa sababu walikopeshwa pesa za kuachia familia. Ndiyo maana kila baharia alikuwa na sanduku lake la biashara. Bandarini alishinda akipakua mzigo wa mwingine, kisha jioni akatembeza vitu vyake, na mara nyingi sanduku hilo ndilo lililomlisha zaidi kuliko fungu lake.

Kuwait ilianza kusafirisha mafuta mwaka 1946, na kazi za nchi kavu zikaja na mshahara wa kila mwezi. Vijana wakaacha bahari. Majahazi yaliyobaki yalitiwa injini, na foromali ndefu zikateremshwa.