Dizeli na Bei ya Moshi Kisiwani Mafia

Mwaka 1913 Wajerumani walihamisha makao ya utawala wao wa Mafia kutoka Chole kwenda Kilindoni. Mwaka huo huo, mwezi Septemba, Rudolf Diesel alipanda meli ya kwenda Uingereza, akatoweka baharini. Mtambo wake wa mwaka 1897 ulikuwa umegeuza kiasi cha asilimia 26 ya joto la mafuta kuwa kazi, jambo ambalo mitambo ya mvuke ya siku zile haikulikaribia. Na ubahili huo ndio ulioupa sifa.

Imekuwaje basi wenye magari walalamike kwamba gari jipya la dizeli hunywa mafuta kuliko kuukuu? Si uzushi mtupu. Dizeli ikipulizwa mapema ndani ya silinda huwaka kwa joto kali na kutoa nguvu nyingi. Lakini joto lile lile huunganisha naitrojeni na oksijeni ya hewa, zikazaliwa gesi zidhuruzo mapafu. Wahandisi waliotakiwa na sheria kuzipunguza walichelewesha kupuliza, tena wakarudisha sehemu ya moshi mtamboni ili kuupoza moto. Hewa ikasafika, kazi ya kila lita ikapungua. Mwaka 1998 serikali ya Marekani ilipatana na makampuni saba yaliyoshtakiwa kwa kuweka kompyuta zilizolegeza usafishaji huo pindi lori lishikapo mwendo wa barabara kuu. Na hapana afanyaye hila kama hiyo pasipo faida.

Baadaye likaja chujio la masizi. Likijaa, mtambo husukuma moshi kwa taabu, na dizeli ya ziada huchomwa ili masizi yaungue katika joto la nyuzi kama 600. Kazi hiyo yataka safari ndefu isiyokatika. Kutoka Kilindoni hadi Utende ni kilomita zipatazo 15 tu: gari halijapata moto, limefika. Chujio laanza kujisafisha, dereva azima. Kesho laanza tena, na dizeli iliyovushwa kutoka bara imeteketea bila kusogeza gurudumu.

Hata hivyo gari kuukuu lisisifiwe mno. Akiba yake ililipwa na vifua vya wapita njia. Mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitamka kuwa moshi wa dizeli huleta saratani. Mitambo ya karibuni isafishayo moshi kwa maji ya urea imeweza kurudia kupuliza mapema, ikaponya sehemu ya hasara. Ila urea nayo haina budi kuvuka bahari hadi Kilindoni.