Ushahidi wa Mwili Dhidi ya Hukumu: Kifo cha Ahmed Timol, 1971–2017

Katika Afrika ya Kusini ya enzi ya ubaguzi wa rangi, wafungwa kadhaa wa kisiasa walifia mikononi mwa polisi, na mahakama zikaandika kwamba walijiua. Kisa cha mwalimu Ahmed Timol chaonyesha jinsi uchunguzi wa maiti uwezavyo kuisahihisha hukumu ya namna hiyo.

Timol alikamatwa mjini Johannesburg tarehe 22 Oktoba 1971. Siku tano baadaye alikufa kwa kuanguka kutoka jengo la polisi la John Vorster Square. Polisi walidai kuwa aliruka mwenyewe kupitia dirisha la ghorofa ya kumi. Mwaka 1972 hakimu aliikubali kauli hiyo: marehemu alijiua, wala hakuna wa kulaumiwa.

Kwa juhudi za jamaa zake, shauri lilifunguliwa upya mwaka 2017 mbele ya Jaji Billy Mothle. Ripoti ya uchunguzi wa maiti ya 1971 ilikuwa ingali imehifadhiwa, na mabingwa wawili, Shakeera Holland na Steve Naidoo, waliisoma upya. Msingi wa hoja yao ni huu: ni mwili ulio hai tu unaoanza kuponya jeraha, jeraha la dakika ya kufa halina dalili ya kupona. Kwa kipimo hicho, majeraha mengi ya Timol yalitangulia anguko lake. Tena, kwa jinsi alivyoumizwa fuvu, taya na mguu, asingeweza kutembea pasipo msaada, sembuse kuruka dirishani.

Tarehe 12 Oktoba 2017 jaji aliitengua hukumu ya 1972: Timol aliteswa, kisha akasukumwa kutoka dirishani au juu ya paa. Hayo yalikuwa mauaji. Hata hivyo, askari wa zamani aliyeshtakiwa mwaka 2018 alifariki mwaka 2021 kabla ya kuhukumiwa.

Kwa mwanahistoria wa Kongo, funzo ni dhahiri. Mwaka 1961 serikali ya Katanga ilitangaza kwamba Patrice Lumumba aliuawa na wanakijiji, na mwili wake ukaangamizwa kwa asidi. Jino moja tu lilirudishwa kwa jamaa mwaka 2022. Pale ilibidi mashahidi na nyaraka viseme mahali pa mwili. Kwa hiyo, kutunza ripoti ya daktari, hata ile iliyopuuzwa na mahakama, ni kuiwekea kweli akiba.