Mwenyeji Asiye na Mji

Ukitafuta neno la Kiingereza "native" kwenye kamusi, utapewa "mwenyeji". Kwetu mwenyeji ni mtu mzito: ndiye anayejua kisima kilipo, ndiye mgeni akija hupona. Johannesburg, mji ulioota juu ya dhahabu ya Witwatersrand mwaka 1886, neno hilohilo lilimtaja mtu asiyeruhusiwa kulala mjini bila karatasi.

Kiswahili hutaja mtu kwanza, sifa ikafuata na kumtii: mtu mweusi, watu weusi. Kiingereza hutanguliza sifa, na katika sheria za Afrika Kusini mtu mwenyewe aliangushwa kabisa, kivumishi kikabaki peke yake na kupewa wingi. Ndivyo ilivyoandikwa Natives Land Act ya 1913, iliyowatengea Waafrika takriban asilimia 7 ya ardhi ya nchi yao. Mwaka 1922 tume ya Stallard ikashikilia kwamba mwenyeji akae mjini maadamu anamhudumia Mzungu. Huduma ikiisha, aondoke. Mwaka uliofuata Natives (Urban Areas) Act ikaligeuza wazo hilo kuwa sheria. Wakenya hawahitaji kuelezwa sana: Native Registration Ordinance ya 1915 ndiyo iliyowaletea kipande, hati ya utambulisho waliyolazimika kuibeba.

Waafrika wa Afrika Kusini wenyewe walikuwa wamelitumia neno hilo la "native". Chama kilichoundwa Bloemfontein mwaka 1912 kiliitwa South African Native National Congress, na katibu wake mkuu wa kwanza, Sol Plaatje, alichapisha Native Life in South Africa mwaka 1916. Mwaka 1923, mwaka uleule wa sheria ya miji, chama kikalivua neno hilo na kujiita African National Congress. Sidhani kuna tendo la sarufi lililokuwa na ujasiri zaidi ya hilo.

Likaja "Bantu". Mwanaisimu Wilhelm Bleek alilisambaza katika karne ya 19 kama jina la familia ya lugha zetu, na lina maana ya watu tu. Serikali ya ubaguzi ililichukua likawa kivumishi cha kudhalilisha, kama katika Bantu Education Act ya 1953, na hata mtu mmoja akaitwa "a Bantu", kana kwamba tungesema "watu mmoja". Kwa wanaojua maana yake, hilo lilikuwa tusi juu ya tusi.

Kwenye mabenchi na milangoni palikuwa na "non-European", baadaye "non-white": mtu anayeelezwa kwa kile asicho nacho. Mwanaharakati Steve Biko na wenzake wa SASO, chama cha wanafunzi weusi, walilikataa, wakachagua "black", wakiwajumuisha Wahindi na machotara walioonewa pamoja nao. Baadaye serikali nayo ikalichukua. Sheria ya 1913 ilikwishabadilishwa jina kuwa Bantu Land Act, sasa ikawa Black Land Act: vivumishi vitatu, na ardhi imeshikwa palepale hadi sheria hiyo ilipofutwa mwaka 1991.

Jumba la Makumbusho la Apartheid, lililofunguliwa Johannesburg mwaka 2001, hugawa tiketi bila kuangalia rangi ya mtu. Moja imeandikwa "white", nyingine "non-white", kila moja na mlango wake. Baba na mwanawe huweza kuachana hapo, kila mmoja ameshika kivumishi chake mkononi.