Mashindano ya Upinde Chini ya Endulen: Ukishinda Huruhusiwi Kuondoka

Upinde wa Olimpiki wengi mmeuona kwenye TV. Uwanja tambarare, wachezaji wamejipanga mstari mmoja, shabaha iko mita 70 na kila kitu kimepimwa kwa futi kamba. Kuna ndugu yake wa porini ambaye huwa haonyeshwi sana. Huyo anachezwa msituni na mlimani. Mchezaji anatembea kutoka shabaha moja hadi nyingine, shabaha 24 kwa siku. Moja iko chini ya korongo, nyingine juu ya kilima, nyingine imefichwa kivulini. Utamu wenyewe uko hapa: katika sehemu ya kwanza ya shindano umbali hauandikwi popote, na kifaa cha kupimia ni marufuku. Una macho yako, basi. Mashindano ya dunia ya namna hiyo yalianza mwaka 1969 kule Marekani, na yakaonekana kitu kipya kabisa.

Kipya kwao. Ukisimama Endulen ukatazama kusini, unatazama sehemu ambayo watu wanacheza mchezo huo tangu kabla hata haujapata jina.

Endulen yenyewe ni nchi ya Wamasai, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, jirani na Laetoli, pale zilipokutwa nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Huku juu ni ng'ombe, baridi na ukungu. Upinde upo pia, ila kazi yake inachekesha ukiisikia mara ya kwanza: mlengwa ni ng'ombe wako mwenyewe, umbali ni hatua moja, na lengo ni asife. Wanamfunga kamba shingoni mpaka mshipa unavimba, kisha wanampiga kwa mshale mfupi wenye kizuizi karibu na ncha ili usizame. Damu inakingwa kwenye kibuyu, jeraha linazibwa, ng'ombe anarudi malishoni. Kwa kifupi, ni shabaha moja ambayo ukiikosea umejipiga hasara mwenyewe.

Ukiteremka kutoka nyanda hizo, ardhi inakatika. Hewa inakuwa ya moto, mibuyu inaanza, mawe kila mahali, na mbele yako linatandaa bonde la Ziwa Eyasi. Hapo ndipo kwa Wahadzabe. Ni watu wachache sana, elfu moja na mia kadhaa hivi, na lugha yao yenye vidoko haijathibitika kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote.

Mtoto wa kiume wa Kihadzabe anapata upinde wake mdogo akiwa na umri wa miaka mitatu hivi. Si cha kuchezea tu. Atashinda nao kutwa nzima, akilenga matunda, panya, ndege, chochote. Akiwa mtu mzima, upinde wake unakaribia kumfikia kimo, na kuuvuta mpaka mwisho kunahitaji nguvu ya wastani wa kilo 31. Wanaume wanaoshindana Olimpiki kwa kawaida wanavuta kilo ishirini na kitu, tena wana vidhibiti na kifaa cha kulengea. Huku ugwe ni kano za mnyama. Mshale ni fimbo ya mkole iliyopashwa moto na kunyooshwa kwa meno. Ndiyo, meno. Manyoya ya kuuongoza mara nyingi ni ya kanga au tai.

Mishale nayo haifanani. Wa ndege na wanyama wadogo ni mti mtupu uliochongwa ncha. Wa wanyama wakubwa kiasi una chembe cha chuma. Wa pundamilia, twiga au nyati una chuma chenye miiba na sumu iliyochemshwa kutoka mimea kama waridi la jangwani, lile lile ua la pinki ambalo mjini watu wanaliotesha kwenye vyungu barazani.  Chuma wanakipata kwa Wadatoga, majirani wao wafugaji, ambao wahunzi wao wanagonga misumari na vyuma chakavu mpaka vinakuwa vyembe. Malipo ya zamani yalikuwa asali, ngozi na nyama. Kwa hiyo mshale wa chuma bonde zima ni mali. Mtu anayemiliki sita ana kitu.

Sasa, watu wenye macho namna hii, wanaokadiria umbali tangu utotoni, ungetegemea wafanye nini wakikutana? Washindane kulenga, bingwa ajulikane, apewe sifa na zawadi. Yaani ndivyo tungefanya sisi.

Wao wana lukuchuko.

Wageni waliopita bondeni tangu enzi za Mjerumani waliandika sana kuhusu pinde. Mtafiti mmoja kijana kutoka Uingereza, aliyefika mwishoni mwa miaka ya 1950 na kukaa muda mrefu, ndiye aliyeutazama mchezo huu kwa makini. Alichokiona ni kwamba kiangazi, kambi zinapokuwa kubwa, wanaume walikuwa wanatumia saa nyingi kwenye kamari kuliko kutafuta chakula. Dau ni mishale. Kila mchezaji ana kipande chake cha gome la mti, na kuna kimoja kikubwa cha wote. Vinashikwa pamoja, vinarushwa kwenye shina la mti, vinaanguka. Kama chako peke yake kimelala upande ule ule wa kile kikubwa, umekula. Kama sivyo, rusha tena.

Umeona hapo? Ustadi wa kulenga hauna kazi. Fundi wa pori zima na yule anayerudi mikono mitupu kila siku wana bahati sawa mbele ya mti. Na fundi akishinda akabeba mishale ya wenzake kumi na mbili, hawezi kuinuka akasema jamani usiku mwema. Watambana aendelee. Atarusha tena na tena mpaka mingi imeondoka, mara nyingi yote. Mshale unaotengenezwa leo kambi moja, baada ya majuma kadhaa unaweza kuwa mikononi mwa mtu wa kambi nyingine kabisa ambaye hajawahi kumwona mhunzi aliyeugonga.

Yule mtafiti alihitimisha kwamba kamari hii inazuia mali kutuama kwa mtu mmoja, na ni vigumu kumpinga. Mjini kamari inamfilisi maskini na kumnenepesha mwenye duka la kubeti. Huku inamfilisi aliyepata, na hakuna mwenye duka.

Ila si kila kitu kinawekwa dau. Upinde hauwekwi. Mishale ya mti isiyo na sumu haiwekwi. Mfuko wa ngozi hauwekwi. Hata ukiliwa vibaya usiku mzima, asubuhi unaamka una kitu cha kumpigia kanga na mahali pa kumbebea.

Hatari ya kweli ilitoka kwingine kabisa. Kuwinda ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, iliyoanzishwa mwaka 1959, ni marufuku. Kwa hiyo mpaka wa kwenye karatasi unapita katikati ya nchi ambayo mnyama anaikatiza bila kuuona. Mwaka 1964 serikali ilijaribu kuwaweka Wahadzabe pamoja Yaeda Chini, wapate shule na mashamba. Nia inaweza kuwa ilikuwa njema. Watu waliozoea kambi ndogo zinazohamahama walirundikwa mahali pamoja, maradhi yakaingia, wengi wakafa, waliobaki wakarudi porini. Mwaka 2007 ikaja kampuni ya uwindaji yenye mkono wa familia ya kifalme kutoka Falme za Kiarabu, ikitaka bonde la Yaeda liwe kitalu chake. Kelele zikapigwa hapa nchini na nje, kampuni ikaondoka. Miaka minne baadaye, mwaka 2011, Wahadzabe wa Yaeda wakapewa hati za kimila za zaidi ya hekta 20,000. Wenzao wa upande wa Mang'ola, Karatu, wako kwenye hali nyingine: mashamba ya vitunguu yamejaa kandokando ya maji, na wanyama wamebaki wachache.

Kilichoongezeka Mang'ola ni watalii. Wanafika alfajiri na Landcruiser kutoka Karatu, wanakimbizana na wawindaji vichakani saa mbili tatu, kisha wanapewa upinde wajaribu. Shabaha huwa gogo lililo jirani tu. Mgeni aliyezoea kunyanyua vyuma gym anavuta mpaka nusu, mikono inatetemeka, mshale unachoma vumbi. Kambi inacheka. Halafu anakuja kijana mwembamba, hapimi wala haulizi ni mita ngapi, anaachia. Picha zinapigwa, pesa inatolewa, gari linaondoka.

Mchana jua likikaza, wanaume wanarudi chini ya mbuyu. Mishale ya chuma imelala kwenye majani.