Makumbusho ya Kitale

Ewe msomaji, ukijaliwa kufika Kitale, usiridhike na kutazama mashamba ya mahindi na Mlima Elgon kwa mbali. Ingia katika makumbusho. Humo utaona wadudu na vipepeo waliokaushwa na kuchomwa pini. Mdudu wa namna hiyo huandikiwa kijikaratasi kitajacho mahali na tarehe aliyokamatwa. Usikidharau kijikaratasi hicho, kwani kipepeo asiye nacho ni pambo tu. Mwenye nacho ni shahidi.

Aliyeanzisha mkusanyo huo ni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi wa Kizungu, ambaye mwaka 1926 alifungua makumbusho yake binafsi. Aliendelea kukusanya wadudu, wanyama na vitabu hata alipofariki mwaka 1966. Lakini zikumbuke na zama zenyewe. Trans Nzoia ilikuwa sehemu ya nyanda za juu walizotengewa Wazungu. Mwafrika alilima humo kwa kuwa kibarua, wala si mwenye shamba. Basi kipepeo wa nchi ile alikuwa na nafasi yake katika kabati, na mzee aliyezaliwa papo hapo hakuwa na nafasi katika hati ya ardhi. Sisemi hivi kumsuta marehemu. Nasema ili uelewe jinsi jambo lililotukia baadaye lilivyokuwa kubwa.

Mkusanyaji akifa, mali yake huingia hatarini. Wako vidudu wadogo mno walao wadudu wakavu. Wakiachiwa kabati, hugeuza kazi ya miaka mingi kuwa vumbi. Stoneham hakungoja hayo. Katika wasia wake aliiachia serikali ya Kenya mkusanyo wote, pamoja na fedha za kujengea nyumba mpya. Nyumba hiyo ilifunguliwa mwezi wa Desemba 1974, ikahesabiwa kuwa ya kwanza kati ya makumbusho ya mikoa yaliyofunguliwa bara.

Mwaka ule ulikuwa wa neema kwa Kitale. Kilichokuwa cha mtu mmoja kikawa cha watu wote, kikaitwa Makumbusho ya Taifa ya Magharibi ya Kenya. Mwaka uo huo kinamasi cha Saiwa, kilicho jirani, kilifanywa hifadhi ya taifa kwa ajili ya nzohe, mnyama wa jamaa ya kulungu apendaye kukaa majini.

Hatimaye vyombo vya wenyeji navyo vilipata mahali pake, na uani zikajengwa nyumba kwa mfano wa makao ya makabila ya magharibi. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, makumbusho yalipokua kweli kweli. Ukienda, anza na kabati la vipepeo, kisha toka nje uende kwenye nyumba zile. Ni mwendo wa hatua chache tu, nao ulichukua karibu nusu karne.